Mjomba wa bibi harusi hatumiwi video

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, nina mke na watoto wawili. Zamani nilikuwa napanda michikichi, naangusha chikichi tunakamua mawese. Siku moja kamba ya kupandia ilikatika nikiwa juu, nikadondoka, uti wa mgongo ukavunjika sehemu ya kiunoni. Miguu haina nguvu na kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi kitu. Sasa natumia kiti mwendo, natengeneza simu kibandani kwangu, na riziki inapatikana.

Kinachonisumbua ni harusi. Binti wa dada yangu anaolewa mwezi wa nane, Tabora. Baba yake alifariki mapema, na huyu mtoto ada ya sekondari nilimlipia mimi kwa pesa ya mawese kabla sijaanguka. Mjomba mtu ndiye mimi. Mchango wangu nimeshamaliza. Lakini juzi dada kanipigia simu, akazunguka weee, mwisho akasema kamati imeona nisisumbuke, watanirushia mbashara kwenye simu na baadaye wataniletea video. Mdogo wangu wa kiume yeye anasema twende tu, "tutakubeba, hakuna shida".

Shangazi, huko kubebwa nakujua. Kuna sherehe ya jirani nilikwenda, ukumbi ukawa na ngazi. Vijana wakanidaka kila mtu anavyojua yeye. Mmoja alishika egemeo la mkono, likachomoka, nikaning'inia shati limepanda hadi kifuani mbele ya wakwe za watu. Ndani choo hakiingiliki. Na mimi kwa kulijua hilo nilikuwa sijanywa maji tangu asubuhi. Jioni kichwa kinapasuka, na siku chache baadaye nikalazwa kwa UTI. Toka hapo mimi ni kibandani na nyumbani, nyumbani na kibandani.

Naogopa treni, naogopa basi, naogopa gesti, na huo ukumbi ndio usiseme. Kubaki nako naogopa. Mke wangu anasema kama siendi nimwambie dada kwamba nimekataa mwenyewe, nisijifiche nyuma ya kamati. Nifanyeje?

La mwisho, ni dogo: wanangu wa darasa la pili na la nne wanadai likizo hii niwapeleke Gombe wakaone sokwe. Niwajibu nini?

Mjomba, Mwanga, Kigoma

* * *

Marahaba mwanangu,

Harusini utakwenda. Hilo tulimalize hapa juu ili nafasi iliyobaki tuitumie kupanga.

Dada yako hajakutenga, usimwekee kinyongo. Kamati iliona aibu kusema haijui mjomba atapita wapi, ikaona afadhali imwonee huruma. Mchango wako waliupokea bila kuuliza swali, ila mlango wa ukumbi hakuna aliyekwenda kuupima. Mdogo wako naye, pamoja na mapenzi yake yote, yuko kundi hilo hilo. Anayekwambia usisumbuke na anayekwambia hakuna shida, wote wawili hawajashika futi kamba. Mimi natumia kiti tangu utotoni kwa sababu ya polio, na nimeshaacha zamani kuwauliza watu kama mahali panafikika. Mtu anayetembea atakujibu ndiyo kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kwake kidato kimoja si ngazi. Mimi nauliza vipimo.

Kwa hiyo anza na kamba. Leo jioni ukiwa umekaa kwenye kiti, chukua kamba ya katani isiyovutika, mkeo apime kutoka ringi ya kusukumia ya kulia hadi ya kushoto, nje kwa nje, kisha aongeze upana wa vidole viwili kila upande, maana mikono yako nayo inapita pale. Kata, funga fundo kila ncha. Viti vingi vya kukunja huangukia kati ya sentimita 60 na 70, lakini chako kipime, usikisie. Pima kamba ya pili kutoka ncha ya sehemu ya kukanyagia hadi nyuma ya gurudumu kubwa. Hii ya pili ndiyo itakayosema kama mlango wa choo unaweza kufungwa ukiwa ndani, jambo ambalo watu hulisahau mpaka siku yenyewe. Kamba zote mbili mpe mtu anayekwenda Tabora, zimfikie kijana mmoja wa pale kwa dada yako ambaye huwa anafanya kitu akiambiwa. Wa hivyo katika kila familia hupatikana mmoja.

Kazi ya huyo kijana ni kwenda na kamba kwenye kila mlango utakaoupita: lango la ukumbi, choo cha ukumbi, chumba cha gesti, choo cha gesti. Kamba ikikaa imenyooka kati ya fremu na fremu, unapita. Ikilegea, hupiti, na hakuna mjadala. Atashangaa. Mafundi wetu mlango wa mbele wanaupa futi tatu, wakifika chooni wanabana mpaka futi mbili na nusu, wengine mbili. Halafu mwambie apige video moja isiyokatwa, simu akiwa ameishika usawa wa kiuno chake, tangu pale bajaji itakaposimama mpaka kwenye kiti cha bibi harusi. Asianzie mlangoni. Mitaro, changarawe, na ule mchanga wa Tabora vyote viko nje ya mlango, na mwezi wa nane mchanga umekauka unameza magurudumu madogo ya mbele. (Ukikwama, geuzwa uvutwe kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Usikubali kusukumwa kwa mbele kwa nguvu, utatua uso.)

Ngazi azihesabu na apime kimo cha kila moja. Hesabu ya rampu ni hii: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kidato kimoja cha sentimita 15 kinataka ubao wa futi sita, na ubao wa namna hiyo upo katika nyumba yoyote inayojengwa. Ngazi tatu kama hizo tayari ni mita tano na nusu za ubao, hapo usidanganywe na mtu aliyeegemeza mlango wa zamani ukasimama kama paa la nyumba. Kwa ngazi tatu ni ama fundi ajenge rampu ya kweli, ama ubebwe kwa utaratibu nitakaoueleza, ama kamati ihamishe ukumbi. Ndiyo, kuhamisha ukumbi. Harusi ni mwezi wa nane, na kama bado hawajalipa malipo ya awali, hilo linazungumzika.

Na meza kuu je? Kumbi nyingi huiweka juu ya jukwaa, na jukwaa halina rampu. Utafika mpaka ndani, kisha uachwe chini pembeni ya spika unatazama viatu vya wakwe. Waambie mapema meza ya wazazi ishushwe chini wote mkae usawa mmoja. Kitambaa na maua vinapendeza hata sakafuni. Tena mwambie MC kwamba wakati wa nasaha kipaza sauti ndicho kikufuate.

Sasa huyo dada. Mkeo kasema kweli, usijifiche nyuma ya kamati, na pia usimpigie ukiwa na hasira. Mwandikie ujumbe, kwa sababu ujumbe utasomwa mbele ya kamati na simu haisomwi. Mimi ningeandika hivi: "Dada, shikamoo. Harusini nakuja, nitakuwa na mdogo wetu. Nimetuma kamba mbili, naomba milango ipimwe kabla ukumbi haujalipiwa. Nahitaji chumba cha chini, choo ambacho kamba inapita, na meza kuu isiwe jukwaani. Nauli ya mdogo wetu ihesabiwe kwenye bajeti ya harusi. Mengine nitayamaliza mwenyewe." Ona hakuna samahani humo. Hiyo nauli ya msaidizi usiione haya kuitaja: wanamlipa mpiga picha, mpambaji na mtu wa keki, basi na mikono inayomleta mjomba ni gharama ya harusi kama gharama nyingine.

Gesti nitaipitia haraka, kwa kuwa kamba itakuwa imeshasema mengi. Chumba cha selfu kisikudanganye kwa jina lake: bafu nyingi zina kizingiti cha kuzuia maji, na choo chenyewe kimebanwa nyuma ya mlango unaofungukia ndani. Mlango huo fundi anaung'oa kwa bisibisi dakika chache, mnatundika pazia. Kitanda kisizidi kimo cha kiti chako kwa kiasi kikubwa, vinginevyo kila kulala ni kupanda mlima. Godoro likizidi kuwa refu watoe moja, maana mara nyingi ni mawili.

Tuje kwenye safari. Treni au basi? Mimi nakushauri treni, ingawa nayo ina lake la kujibu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na abiria wa treni ya zamani mpaka leo anapanda kwa ngazi nyembamba kutoka jukwaa lililo chini. Mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, siku ikifika tutaipanda kwa raha zetu, ila binti hataisubiri. Pamoja na hayo, kwenye treni una kitanda cha kujinyoosha, una mlango wa kufunga, na ikisimama Uvinza, Nguruka au Kaliua hakuna anayekuhimiza. Kwenye basi umekaa mkao mmoja kutwa nzima, na wenzako wakishuka kuchimba dawa, wewe unawatazama dirishani. Halafu kuna jambo ambalo kwa mtu asiyehisi miguu ni la hatari: wakarimu watakupa siti ya mbele ili usihangaike kupita katikati, na pale mbele kwenye mabasi mengine kuna boneti ya injini. Nyayo zikigusa bati lile la moto hutahisi, utayaona malengelenge jioni. Ikibidi basi, vaa viatu vya kufunika mguu na soksi nene, na miguu ikae mbali na boneti kabisa. Ndege ipo, kwa atakayeweza nauli. Huyo aseme siku ya kukata tiketi kwamba hawezi kupanda ngazi wala kutembea ndani ya ndege, wamwandikie alama ya WCHC. Akiandikwa WCHR, watamngoja mtu anayepanda ngazi mwenyewe.

Tiketi ya treni usimwachie mtu akununulie kwa simu tu. Mdogo wako aende stesheni siku kadhaa kabla, aonane na stesheni masta ana kwa ana. Aombe kitanda cha chini, chumba kilicho karibu na mlango wa behewa. Aulize mabehewa yanasogezwa jukwaani saa ngapi, ili mpande kabla ya msongamano wa magunia na ndoo za mawese. Mkishapanda, mtume ujumbe Tabora wenye namba ya behewa na mlango wa mbele au wa nyuma, ili wanaowapokea wasimame pale pale na wasianze kukimbia na treni kuwatafuta. Na kama mtu yeyote atataka kukutoza kiti chako kama shehena, mwulize kwa utulivu anakutoza kwa kanuni ipi na umwombe risiti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010 na inakataza kukubagua, na malalamiko ya usafiri wa nchi kavu yanapokelewa na LATRA. Sheria haiwezi kukunyanyua usiku Tabora, lakini mara nyingi ukiitaja tu kwa upole mtu anakumbuka kazi nyingine.

Kiti hakitaingia kwenye korido ya behewa kikiwa wazi. Utanyanyuliwa, kwa hiyo tuliweke sawa jambo hili, kwa sababu naona ndilo linalokuuma zaidi ya yote. Kubebwa si aibu. Kudakwa ndiko kubaya. Nenda kwa fundi anayeshona maturubai ya magari, umwambie akushonee kipande chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 110, chenye vishikio sita vya mkanda mgumu, vitatu kila upande. Msisitizie kwamba kila mkanda upite chini ya turubai lote kutoka kishikio hadi kishikio. Akiushonea ukingoni tu, uzi ndio utakaobeba uzito wako. Kabla hujalikalia wewe, lipakieni gunia la mchele la kilo 100 mlinyanyue na kulishusha. Likitoa sauti ya kuchanika, umeokoa mgongo wako kwa gharama ya turubai.

Turubai linatandikwa chini yako ukiwa bado kwenye kiti, juu ya mto. Mlangoni mwa behewa unapanda kwa kutanguliza mgongo: mtu mmoja juu ndani ya behewa ameshika vishikio vya upande wa kichwa, wawili chini, mmoja kila upande. Shati limechomekwa, mkanda umefungwa, shuka juu ya miguu, hakuna mtu atakayeona kitovu chako. Na kwenye ngazi za ukumbi, kama mtapanda na kiti chenyewe, kinapanda kinyumenyume kidato kwa kidato. Mwenye nguvu yuko nyuma anavuta kwa vishikio vya kusukumia, mwingine mbele ameshika fremu, ile chuma isiyochomoka. Maegemeo ya mikono na sehemu za kukanyagia hazishikwi kamwe. Kwa usalama kabisa zing'oe kabla.

Amri inatoka kwako. Hakuna anayegusa kiti wala turubai kabla hujasema nani ashike wapi, na hakuna anayenyanyua kabla hujafika tatu. Sema kwa sauti ya fundi anayemwelekeza saidia fundi wake. Mara ya kwanza utaona kama unajikweza. Vijana wenyewe watashukuru, kwa kuwa hata siku ile ya jirani yako kila mmoja wao alikuwa anaogopa kukuangusha na hakuna aliyekuwa anaongoza. Ukimlipa mpagazi stesheni, patana naye bei kabla, na mwonyeshe pa kushika kabla hajaweka mkono.

Sasa mwili. Maji unywe. Kukaa na kiu ndiko kulikokusaidia kuugua: mkojo ukiwa mchache na ukikaa muda mrefu kwenye kibofu, vijidudu vinastarehe humo. Kama unatumia mpira wa mkojo wa kujiwekea mwenyewe, ratiba ya kila saa nne hadi sita usiivunje kwa sababu ya safari. Beba mara mbili ya unavyohitaji, sabuni, maji ya kunawia, na chupa yenye mdomo mpana na kifuniko. Kitandani kwenye treni ni rahisi kuliko choo cha treni: wenzako watoke dakika kumi, mdogo wako asimame mlangoni. Kama hutumii mpira, nenda hospitali ya Maweni mwezi huu huu ukaongee na muuguzi au mtu wa fiziotherapia kuhusu njia itakayokufaa, hata ile kondomu yenye mrija na mfuko wa kufunga mguuni. Jaribu ukiwa nyumbani kwanza. Chochote kipya kisianzie njiani.

Mto wa kiti chako usiuache kwenye kiti kilichokunjwa. Unakwenda nao popote makalio yanapokwenda: benchi la stesheni, kitanda cha treni, bajaji. Kila baada ya robo saa hadi nusu saa ukiwa umekaa, inama kulia, inama kushoto, au lalia magoti kwa dakika moja mbili damu ipite. Weka mlio kwenye simu, maana mazungumzo ya safari yanasahaulisha. Ukilala geuzwa kila baada ya saa mbili. Asubuhi mdogo wako akupige picha ya makalio na visigino, uangalie mwenyewe kama kuna wekundu usioondoka ukibonyezwa. Utacheka, naye atacheka, lakini kidonda cha mgandamizo kinachoanza usiku mmoja kinaweza kukulaza miezi. Na usiku wa mwezi wa nane Tabora una baridi. Miguu haitakwambia, ifunike, lakini usiwekee chupa ya maji ya moto.

Nitie neno kwa wasomaji wengine walioumia juu zaidi, kifuani au shingoni. Mkiwa safarini mkapatwa na kichwa cha ghafla kinachogonga, jasho usoni na uso kuwa mwekundu, msimeze panadol mkalala. Kaa wima, legeza mkanda na nguo, angalia mpira kama umejikunja au kibofu kimejaa. Presha hupanda kwa kasi katika hali hiyo, na ikiwa haitulii ni hospitali, treni itakwenda.

Vipuri: tyubu yako mwenyewe, kwa sababu magurudumu ya viti mengi ni inchi 24 na duka la baiskeli la kawaida limejaa 26 na 28. Pampu, gundi na viraka. Spana namba 10 na 13. Kiti kikipelekwa kwenye mizigo, ng'oa sehemu za kukanyagia na maegemeo ya mikono ukae navyo, ndivyo vinavyopotea. Andika jina lako na namba ya simu kwenye fremu kwa rangi, karatasi ya gundi huchanika.

Nimebaki na wanao na sokwe. Gombe sitakudanganya. Unafika kwa boti tu, na boti za Kibirizi zinapandiwa ufukweni. Hifadhi yenyewe ni milima inayoshukia ziwani, haina barabara ya gari, na sokwe wanafuatwa kwa miguu mabondeni hivyo hivyo kama alivyofanya Jane Goodall tangu mwaka 1960. Ukibebwa huko utakuwa umewabebesha watu, na sokwe hutawaona. Wanao wenyewe bado, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Waambie hivyo wazi, kwamba milima imekataa na umri umekataa, wasidhani ni baba peke yake aliyekataa. Wakikua watakwenda na shule.

Likizo hii wapeleke Ujiji. Ni tambarare kuliko huko mjini kwenu ambako barabara inapanda tangu stesheni hadi Mwanga, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna jumba la kumbukumbu, kuna miembe, na watoto watakuuliza maswali mpaka uchoke. Tangulia kumtuma mtu na kamba pale mlangoni. Mwezi wa saba unafaa, kabla ya harusi, asubuhi jua halijapamba moto. Mdogo wako mchukue, na turubai mlibebe, kwa sababu kuingia na kutoka kwenye bajaji ni mazoezi mazuri ya mlango wa behewa, na kama kishikio kimoja kimeshonwa vibaya, ni bora mkijue Ujiji mkiwa na muda wa kurudi kwa fundi.

Shangazi